Siku ya Rangi, Siku ya Udongo

Mtu anayeishi kwenye mashua huku ana bustani nchi kavu hugombana na majira ya machipuko kila mwaka. Machipuko yenyewe hayana ubaya ila ni mafupi, na katika pwani za baridi kila kilicholala tangu kipupwe huamka kwa pamoja. Tumbo la mashua linataka kukwanguliwa na kupakwa rangi, vanishi imepasuka, kamba zimeota ukungu, injini inadai mafuta mapya. Bustanini vitalu vinangoja, magugu hayangoji mtu, na miche iliyo kwenye trei inazidi kurefuka shingo.

Wengi hutatua jambo hili kwa kalenda: Jumamosi ya mashua, Jumapili ya bustani. Ni mgawo wa haki, lakini mvua haisomi kalenda. Jumamosi inanyesha, rangi haipakiki. Jumapili inatoka jua kali na upepo mkavu, na miche iliyohamishwa siku hiyo inalala chini kabla ya jioni. Mimi na mwenzangu tunagawa kwa hali ya hewa. Asubuhi, kabla ya chai, mmoja anafungua kifuniko cha sitaha, anatoa kichwa, na mwingine anauliza kutoka kitandani: "Leo ya rangi au ya udongo?" Mara nyingi jibu liko wazi. Mashua na bustani huonekana kama wake wenza wanaogombea siku moja, kumbe kila mmoja anapenda siku yake.

Siku ya rangi inajulikana. Rangi nyingi za mashua hazitaki kupakwa chini ya nyuzijoto 5, na epoksi nyingi za kawaida huanza usumbufu chini ya 10: zinachelewa kukauka, au zinakauka na kubaki na utando wa mafuta juu, ambao lazima uoshwe kabla ya mkono wa pili. Tena usipime joto la hewa peke yake. Ubavu wenyewe wa mashua unatakiwa uwe na joto la nyuzi 3 hivi juu ya kiwango ambacho unyevu wa hewa huanza kugeuka matone. Ubavu uliolala nje usiku kucha hubaki baridi hata baada ya hewa kupata joto, na ukipitisha kiganja juu yake unahisi unyevu usiouona. Kwa hiyo hata siku nzuri ina saa chache tu za kufanyia kazi: kuanzia umande wa asubuhi ukishakauka, mpaka kama saa tisa alasiri. Vanishi iliyopakwa jioni inakutana na umande kabla haijashika, na asubuhi unaikuta imefifia, haina mng'ao, inakudai msasa upya.

Siku ya udongo ni kinyume chake kabisa. Mawingu yametanda, manyunyu yanakuja na kuondoka, upepo umetulia. Fundi rangi anaitukana siku hiyo, lakini mche unaotoka kwenye trei hauombi nyingine. Ukiuhamisha, lazima mizizi midogo ikatike, na kwa siku kadhaa majani hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Chini ya mawingu majani hayapotezi mengi, basi mche unapata nafasi ya kushika ardhi. Kabichi niliyoipanda kwenye manyunyu naiacha bila wasiwasi. Ile ya kupandwa juani inataka kivuli, maji asubuhi na jioni, na mtu wa kuikagua, na mtu huyo wakati huo yuko chini ya mashua na brashi mkononi.

Ukishalizoea jambo hili unaacha kulalamikia mvua. Kinachobaki kuwa kigumu ni zile siku ambazo hazina mwenyewe, za upepo mkali na baridi, zisizofaa rangi wala miche. Hizo nazipa injini, na kuosha vyungu.

Kwa aliyekulia karibu na ikweta, kitu cha kwanza kinachomchanganya huku ni mwanga. Katika latitudo ya 60, mwishoni mwa Machi mchana huongezeka zaidi ya dakika 5 kila siku. Ndani ya juma moja mchana umerefuka zaidi ya nusu saa. Macho yanaona mwanga, moyo unasema joto limefika, na mkono unaanza kufungua pakiti za mbegu. Lakini bahari haifuati jua kwa mwendo huo. Kupasha maji joto kunadai nguvu karibu mara tano ya ile inayohitajika kupasha mchanga mkavu wa uzito ule ule. Ndiyo maana katika nusu ya kaskazini ya dunia bahari hufikia ubaridi wake wa mwisho Februari au Machi, wakati jua limekwisha kurudi zamani. Kilomita chache ndani ya nchi kavu miti imechanua, sisi wa ukingoni bado tunavaa sweta mbili.

Tena siku yenyewe inapokuwa nzuri ndipo bahari inapoingilia. Ardhi inapata joto, hewa yake inapanda, na hewa ya baharini inaingia kuchukua nafasi. Saa nne asubuhi uko na shati unachimba. Saa saba unatafuta koti. Na hewa ya uvuguvugu yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo baridi, ukungu unakuja mzito hata mlingoti wako mwenyewe huuoni ncha. Mche wa nyanya hauna la kufanya katika hewa ya namna hiyo. Usiku wa chini ya nyuzijoto 10 unaudumaza, na sisi tunaendelea kupata usiku kama huo wakati watu wa bara wamekwisha kufunga fito.

Kwa hiyo nimeacha kuiuliza kalenda ni lini pa kupanda. Nina kipimajoto cha udongo, kijiti tu cha chuma chenye uso kama wa saa juu, nakichomeka kina cha kidole asubuhi, si mchana ambapo udongo unajipendekeza. Njegere na saladi huota hata udongo ukiwa na nyuzijoto 5, ingawa kwa uvivu. Viazi nangoja 7 au 8. Maharage huyagusi kabla ya 12, na maboga yanataka 15 na zaidi. Mbegu ya boga ikilala kwenye udongo baridi wenye maji haisubiri joto, inaoza. Kipimajoto hicho kimenipunguzia kazi kuliko chombo kingine chochote nilichonunua, maana kinanipa ruhusa ya kutokwenda bustanini. Kikisoma 6, najua siku hiyo ni ya mashua na dhamiri inatulia.

Kuna usiku mmoja, hata hivyo, ambao mashua na bustani huupokea kwa nyuso tofauti kabisa. Baromita, kipimo cha mgandamizo wa hewa, iko juu, mbingu safi, maji yametulia hata kamba za gati hazilii. Baharia analala usingizi mnono. Mkulima anatoka na tochi, kwa sababu huo ndio usiku wa jalidi, umande unaoganda juu ya majani. Ardhi hutoa joto lake kuelekea angani, mawingu hayapo ya kulizuia, na upepo haupo wa kuchanganya hewa ya juu na ya chini. Hewa baridi ni nzito. Inateremka polepole na kujikusanya mabondeni na nyuma ya kuta. Katika bustani yetu kuna kona ya chini, karibu na ukuta, ambayo hupata weupe asubuhi wakati vitalu vya juu ni vibichi kabisa. Viazi vyetu vya mapema haviendi kona hiyo.

Mashua hunisaidia hapo. Mtu wa majini hutazama baromita na mawingu kila jioni, apende asipende. Nikiona sindano imepanda, upepo unakufa na jua limezama bila wingu, nachukua kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia mimea na kwenda. Kitambaa hicho huongeza nyuzi 2 hivi tu, lakini katika jalidi ya machipuko nyuzi 2 ndizo zinazotenganisha jani zima na jani jeusi. Wengine hukibana kwa mawe. Mimi nimetoboa pembe, nikatia kamba nyembamba, na ninaifunga kwenye vigingi kwa fundo ninalotumia kwenye tanga, lile linalokaza lenyewe na kufunguka kwa mvuto mmoja hata vidole vikiwa na ganzi. Upepo wa asubuhi haujakichukua bado.

Kuhusu upepo, nina neno kwa wenye mashua. Kila mmoja wetu ana tanga kuukuu, na kila mmoja hufikiri litafaa kuikinga bustani. Halifai. Kizuizi kisichopitisha hewa hufanya upepo uruke juu yake na kuanguka upande wa pili ukizunguka, na hapo ndipo miche inapong'olewa. Wavu ni bora, ule unaozuia kama nusu ya upepo na kuachia nusu. Kinga yake hufika mbali, mpaka mara kumi ya kimo chake hivi, na chumvi nyingi inayorushwa na dhoruba hunaswa hapo. Upepo wa kiwango cha 6 katika kipimo cha Beaufort, yaani takriban kilomita 40 hadi 50 kwa saa, kwa mashua nzuri ni siku ya kukunja matanga kidogo. Kwa njegere iliyosimama peke yake ni mwisho wake.

Sasa jambo ambalo halisogezwi na hali ya hewa: maji. Mashua yetu ni ya mbao na ina mkuku mrefu, yaani uti wake wa chini kabisa, na pale tunapoipandishia maji hayatoshi isipokuwa wakati wa bamvua, yaani maji makuu, mwezi ukiwa mpya au mpevu. Ukikosa bamvua hii unangoja nyingine, kama majuma mawili. Na mbao zikikaa juu muda mrefu katika upepo mkavu wa machipuko hunywea. Ukiishusha mashua, kalafati ya kuzibia mianya inavuja na pampu ya ngama, pale chini ndani ya mashua maji yanapokusanyika, inafanya kazi usiku kucha mpaka mbao zivimbe tena. Hivyo nataka mashua yangu ipande kwa bamvua moja na kushuka kwa inayofuata. Majuma hayo mawili bustani haina haki yoyote. Mbegu za moja kwa moja nazipanda kabla, miche naihamisha baada, na katikati hapo kuna vitunguu na viazi tu ardhini, vitu visivyoniulizia.

Kazi ya kuisugua bila kuipandisha nayo ina saa yake. Unaiegemeza mashua ukutani maji yakijaa, unasubiri yapwe, na mara ubavu unapoanza kutokeza unaingia na brashi, magoti kwenye maji, ukifuata mstari wa maji unavyoshuka. Mwani wa juu ni laini, unatoka kwa mkono. Chini zaidi kuna vile viumbe vyenye magamba makali vilivyojibandika kwenye mkuku, na hivyo vinataka chuma. Kati ya maji kujaa na kujaa tena kuna saa 12 na dakika 25 hivi, lakini muda wa kufanya kazi mkuku ukiwa nje ni sehemu ndogo ya hizo. Ukisikia maji yanarudi kwenye visigino, kazi imekwisha, iwe imekwisha au haijakwisha. Jembe halijawahi kunihimiza namna hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kulipenda.

Yanayokwanguliwa pale yasikanyage bustani kamwe. Rangi ya chini ya mashua mara nyingi ina shaba, iliyowekwa makusudi kuua kinachojibandika, na shaba haiozi wala haipotei. Ikiingia kwenye udongo inabaki humo na kudhuru viumbe wadogo wanaoutengeneza. Tunatandaza turubai kubwa, tunakusanya kila unga, na taka hiyo inakwenda penye taka za sumu. Nguo za kupigia msasa haziendi bustanini, na majivu ya mbao zilizopakwa rangi hayaingii kwenye mboji.

Mwani uliotupwa ufukweni na dhoruba ni habari nyingine. Pale inaporuhusiwa kuuchukua, naujaza kwenye magunia. Una potasiamu kwa wingi, unaoza upesi, hauna mbegu za magugu, na viazi vinaupenda. Fosforasi yake ni kidogo, kwa hiyo hauondoi haja ya mboji. Nautandaza mwisho wa majira ya baridi ili mvua iusuuze chumvi kabla ya kupanda. Gunia la mwani uliolowa lina uzito wa kuudhi, na ukiyapanga matatu upande mmoja wa mashua ndogo utaiona imeinama hata kikombe kinateleza mezani.

Watu huniuliza kama naweza kuotesha miche ndani ya mashua. Naweza, lakini kidogo. Vidirisha ni vidogo, mwanga unaingia kwa upande mmoja, na mche unaufuata mpaka unakuwa uzi. Zaidi ya hayo kuna unyevu. Watu wawili wakipumua na kupika katika chumba kidogo chenye kuta baridi tayari wanatiririsha maji kwenye dari. Ongeza trei za udongo uliolowa na utaota ukungu hadi kwenye godoro. Miche yenyewe nayo inaoza shina penye hewa nzito isiyotembea. Tunaotesha trei chache juu ya kabati karibu na jiko, na mara tu inapokuwa na majani mawili ya kweli, yale yanayofuata majani ya mbegu, inahamia sitahani ndani ya sanduku la plastiki angavu.

Sanduku hilo lina ukoo wa heshima. Mwaka 1833 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alisafirisha mimea mpaka Sydney ndani ya masanduku ya kioo yaliyofungwa, na ikafika hai baada ya miezi baharini. Kabla ya hapo chumvi, upepo na uhaba wa maji matamu viliua sehemu kubwa ya mimea iliyosafirishwa. Langu nalifungua mchana na kulifunga jioni, kila siku nalifungua zaidi kidogo, kwa muda wa juma moja hadi mawili. Sitaha inafanya kazi hii vizuri kuliko bustani, maana upepo haukosekani, na mche uliozoea upepo wa gatini hautishwi na chochote nchi kavu. Koa nao hawapandi gatini, na hilo peke yake linatosha.

Ninachosisitiza kwa kila anayeanza maisha haya ni maji baridi na mikono iliyojaa. Machipuko hudanganya: jua usoni, hewa ya nyuzijoto 18, na bahari chini ya miguu bado iko 7 au 8. Mtu akianguka katika maji ya chini ya 15 mwili hushtuka, pumzi inavutwa yenyewe bila idhini, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, maji ndiyo yanayovutwa. Dakika chache baadaye vidole havishiki kamba. Watu huvaa jaketi la kujiokoa wakiwa safarini, kisha wanalivua gatini, halafu wanavuka ubao uliolowa wakiwa wamekumbatia gunia la mboji wasioona miguu yao. Kwetu jaketi linavaliwa na mbeba mboji. Udongo unapita kwa mikono miwili ya watu wawili, mmoja gatini na mmoja sitahani, na viatu vya bustani vinabaki kwenye ndoo nje, maana chembe za mchanga zikifika ngamani zinaelekea kwenye pampu.

Yote haya ni maandalizi ya kuondoka. Mashua haipakwi rangi ili ikae. Kiangazi kinapofika tunataka kung'oa nanga, na hapo ndipo bustani inapoanza kuzaa. Kwa hiyo kila mbegu ya machipuko naiuliza: nitakuwa wapi wewe ukiiva? Figili hukaa tamu siku chache tu kisha inakuwa mti. Saladi ikipata joto na siku ndefu inatoa maua. Nyanya kwenye banda la kioo inataka mtu wa kufungua mlango asubuhi na kumwagilia jioni. Hizo napanda mapema na chache, zile tu tutakazozimaliza kabla ya safari. Nafasi kubwa inakwenda kwa vitu vyenye subira: viazi, vitunguu, liki, bitiruti, na kabichi za majira ya baridi. Viazi vitabaki ardhini nikichelewa juma zima kwa sababu ya upepo wa mbele. Njegere ndizo zinazonishinda kuamua, kwa kuwa nazipenda na zinaiva tukiwa njiani. Jirani wa kitalu cha pili anazichuma, na kwa malipo hayo anamwagilia kabichi. Ni mapatano mazuri, ingawa mwenzangu hudai kwamba jirani anakula vizuri kuliko sisi.

Vitunguu saumu ndivyo vilivyonifunza kutumia bahari ile ile inayochelewesha machipuko. Joto inalolikusanya polepole kiangazi kizima inalitoa polepole vilevile, na majira ya majani kupukutika huku ukingoni hurefuka. Bara wamepata jalidi, sisi udongo bado unachimbika. Tunarudi, tunafunga kamba za majira ya baridi, tunamwaga mafuta ya zamani ya injini, kisha tunachimba. Vitunguu saumu vinaingia ardhini wakati huo, vinapata ubaridi vinavyouhitaji ili vigawanyike vipande, na Machi vinapotoa majani sisi tuko chini ya mashua na havituhitaji kwa lolote, isipokuwa kung'olewa magugu siku moja ya mawingu.